Shajara ya mradi: vinasaba, dawa za mifupa na paja linalokatika bila kishindo

Wiki ya 1

Kuna mvunjiko wa paja unaomshangaza kila anayeuona mara ya kwanza. Mama wa miaka sitini na kitu ananyanyuka kitini, au anashuka ngazi moja tu, na paja linakatika kama muwa. Hakugongwa na bodaboda wala hakudondoka kutoka juu. Kwenye eksirei mfupa haujasagika: umekatwa karibu mlalo, na upande wa ndani umeacha mwiba. Ukifungua faili lake unakuta dawa aliyokuwa anatumia ni ileile ya kuzuia mifupa isivunjike.

Dawa zenyewe ni za kundi la bisfosfoneti. Inayotumika zaidi kwa kumeza ni alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kwa dripu ni asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka kwa mwenye osteoporosisi (mifupa iliyopungua uzito na uimara), au miligramu 4 kila baada ya wiki chache kwa mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye mifupa. Denosumabu, sindano ya miligramu 60 kila miezi 6, si bisfosfoneti, lakini nayo imehusishwa na mvunjiko huu.

Mradi unatafuta jibu la swali moja: kwa nini wengi wanameza dawa hizi miaka na miaka salama, na mmoja paja likatika? Tunakusanya visa vya Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, tunapima damu, tunahifadhi DNA, kisha tunasoma jeni chache tulizochagua kwa sababu.

Kabla ya jambo lolote tumebandika takwimu hizi ukutani, ili asitokee mtu wa timu akamtisha mgonjwa aache dawa. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mkubwa wa Kaiser Permanente, California, wa wanawake 196,129 wa miaka 50 na zaidi waliotumia bisfosfoneti. Walioupata mvunjiko huu walikuwa 277. Kwa wanawake 10,000 wenye asili ya Ulaya waliotibiwa miaka 3, dawa ilizuia mivunjiko 149 ya nyonga na kusababisha 2 ya aina hii. Kwa wenye asili ya Asia ilizuia 91 na kusababisha 8. Hatari hupanda kadiri miaka ya kutumia dawa inavyoongezeka, na hushuka haraka dawa ikisimamishwa. Kwa hiyo dawa inaokoa nyonga nyingi kuliko mapaja inayovunja. Yeyote anayesoma shajara hii akiwa anatumia alendroneti asiitupe. Akiwa na maumivu ya paja au ya kinena yasiyoeleweka, aende akapigwe picha.

Tofauti hiyo ya Asia na Ulaya, karibu mara 5, ndiyo iliyowafanya wengi wafikirie urithi. Lakini urithi unaweza kupita njia mbili. Upo ule wa kimeng'enya kinachoshughulika na dawa au na mfupa, na upo ule wa umbo: paja lililopinda kama upinde hubeba mvutano mkubwa zaidi upande wa nje, mahali hasa mvunjiko huu unapoanzia. Fomu yetu ina nafasi ya kupima mpindo huo.

Wiki ya 2 na 3: nani anaingia kwenye orodha

Hapa ndipo mradi wa aina hii unapofia. Ukichanganya mivunjiko ya kawaida na isiyo ya kawaida kwenye kapu moja, hakuna mashine ya kusoma jeni itakayokuokoa. Wiki mbili nzima zimekwenda kwenye vigezo tu, na hatujutii.

Tunafuata vigezo vya jopo la wataalamu wa Chama cha Marekani cha Utafiti wa Mifupa na Madini, toleo la mwaka 2013. Mvunjiko uwe kwenye mhimili wa paja, kuanzia chini kidogo ya kile kinundu kidogo cha juu hadi juu ya pale mfupa unapoanza kutanuka kuelekea goti. Kisha kati ya dalili kuu 5 zipatikane angalau 4: nguvu iliyovunja iwe ndogo, yaani kuanguka kutoka kimo cha kusimama au chini ya hapo; mstari uanzie upande wa nje wa mfupa na uwe karibu mlalo, hata kama unainama kidogo unapoelekea ndani; mvunjiko kamili upite pande zote mbili na pengine uache mwiba upande wa ndani, na usio kamili uguse upande wa nje tu; mfupa usisagike, au usagike kidogo sana; na ukuta wa nje wa mfupa uwe umevimba mahali palepale, kama mdomo wa ndege.

Mvunjiko wa shingo ya paja hauingii. Hauingii uliojizungusha kutoka juu kushuka chini, wala ulio jirani na nyonga ya bandia, wala ule ambao mfupa umeliwa na uvimbe. Hili la mwisho linatusumbua kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na ya tezi dume, kwa kuwa wao ndio wanaopewa asidi ya zoledroniki kwa wingi, na hao hao ndio wenye madoa ya saratani kwenye paja. Tukiona doa mahali mfupa ulipokatika, jina linatoka, hata kama vigezo vingine vyote vimetimia.

Mwambao huu una vifananisho vyake, na vigezo vya wenzetu wa mbali havikuviweka mbele. Cha kwanza ni mifupa kulainika kwa mtu aliyetumia tenofoviri miaka mingi. Tenofoviri imo kwenye kidonge cha kila siku cha ARV, na kwa baadhi ya watu figo hupoteza fosforasi. Mfupa uliolainika hupata ufa usiopona, ila kwa kawaida ufa huo hukaa upande wa ndani wa paja, si wa nje. Msomaji wa picha asiyejiuliza "upande gani?" ataukosea. Cha pili ni floraidi. Maji ya baadhi ya visima vya kaskazini mwa nchi yana floraidi kupita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na aliyeyanywa tangu utotoni anaweza kuwa na kuta nene za mifupa mwili mzima. Fomu inauliza alikulia wapi na alikunywa maji gani, na mkusanyaji anatazama meno: rangi ya kahawia yenye mistari inaandikwa. Cha tatu ni selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaijua vizuri. Mfupa ulioziba mishipa huuma pajani na kinenani vilevile, na maumivu peke yake yasimwingize mtu kwenye orodha.

Kuhusu picha zenyewe. Paja la mtu mzima mara nyingi halienei kwenye bamba la sentimita 43, kwa hiyo tunataka picha mbili kwa kila mguu, ya juu na ya chini, zipishane angalau sentimita 5 katikati. Kifuniko cha goti kitazame juu. Mguu ukigeukia nje, uvimbe mdogo wa ukuta wa nje unajificha nyuma ya kivuli cha mfupa wenyewe. Na mguu wa pili upigwe kila mara, hata kama mgonjwa anasema hauna neno, kwa sababu tatizo hili hupenda kuja pande mbili, na mahali panapolingana. Ufa uliokutwa kabla haujakamilika unaweza kuzuiwa kwa kuwekewa msumari wa ndani ya mfupa. Kwa mgonjwa, picha hiyo ya mguu wa pili ina faida kubwa kuliko kila tutakachokisoma kwenye DNA yake.

Faili la picha litoke kwenye mashine likiwa DICOM, muundo halisi wa picha za kitabibu, kwenye diski au flashi. Picha za filamu zilizopigwa kwa simu mbele ya dirisha zikatumwa WhatsApp tumezikataa zote. Mwako wa dirisha na kule kubanwa kwa faili hufuta kitu chenye unene wa milimita 1 au 2, na ndicho hasa tunachokitafuta.

Kila picha inasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua mgonjwa alitumia dawa gani. Wakitofautiana, anaitwa wa tatu. Tulijaribu kwanza kuwasomesha wawili wakiwa pamoja mezani. Haifai, wa pili humfuata wa kwanza.

Wiki ya 4: dawa ilitumika muda gani

Rejesta ya upasuaji haitoshi. Imeandikwa "paja, mhimili, msumari", basi. Wengi humo ni vijana wa bodaboda, kwa hiyo tunachuja kwanza kwa umri, miaka 50 na kuendelea, kisha kwa chanzo cha kuumia, ndipo tunakwenda kwenye daftari la duka la dawa na kitabu cha dripu cha kitengo cha saratani.

Kumuuliza mgonjwa "uliwahi kutumia bisfosfoneti?" ni kupoteza muda. Hata jina la dawa wengi hawalishiki. Swali linalofanya kazi ni la namna hii: "Shikamoo bibi. Kuna kidonge ulichokuwa unameza siku moja tu kwa wiki, asubuhi kabla ya chai, kwa glasi nzima ya maji, ukaambiwa usilale wala usile kwa nusu saa?" Hapo uso unabadilika: "Aah, kile cha Jumapili!" Masharti ya dawa ndiyo yanayokumbukwa. Kisha unauliza alikuwa akinunua karatasi ngapi. Karatasi ya vidonge 4 ni mwezi mmoja. Mwaka mzima ni vidonge 52. Aliyeandikiwa miaka 6 lakini akawa ananunua pale tu watoto wanapotuma hela, tunamhesabia vidonge, hatumhesabii miaka ya cheti.

Tunaandika pia prednisoloni na dawa nyingine za jamii ya steroidi, kipimo na muda. Nazo huongeza hatari, na zikisahaulika, jeni itabebeshwa mzigo usio wake.

Wiki ya 5 na 6: kipimo cha bei ndogo, na kosa la kifuniko cha zambarau

Tukiambiwa tubaki na kipimo kimoja tu katika mradi huu, hatutachagua kusoma jenomu, yaani DNA yote ya mtu. Tutachagua alkalini fosfatesi, ALP, ambayo maabara yoyote ya wilaya inaipima pamoja na vipimo vya ini.

Sababu ni hii. Jeni ya ALPL, iliyo kwenye kromosomu ya 1, hutengeneza kimeng'enya hicho mfupani. Kazi yake ni kuvunja pairofosfeti, kemikali inayozuia madini yasijipange kwenye mfupa. Mtu akirithi ALPL yenye hitilafu, kimeng'enya kinakuwa kidogo, pairofosfeti inajaa, mfupa haukomai. Ugonjwa huo ni hipofosfatesia. Ule mkali huua watoto wachanga, lakini upo mwepesi wa watu wazima: meno yaliyong'oka mapema, mivunjiko midogo ya nyayo isiyopona, na nyufa za upande wa nje wa paja, hata bila dawa yoyote. Sasa kumbuka kwamba bisfosfoneti kwa umbo ni ndugu ya pairofosfeti. Kumpa mtu huyu alendroneti kwa kudhani ana osteoporosisi ni kumwongezea kile ambacho mwili wake tayari umeshindwa kukiondoa. Na yeye hugunduliwa kwa namba iliyo chini, wakati fomu nyingi za maabara huweka alama pale tu ALP inapokuwa juu. Iliyo chini hupita kimya.

Kwa hiyo tumekubaliana: kwa mtu mzima, ALP chini ya 40 U/L inaandikwa kwa kalamu nyekundu na inarudiwa baada ya wiki 4.

Duru ya majaribio ya utaratibu ilitoa kitu kisichowezekana: ALP za chini nyingi mno, tena siku zilezile. Kabla ya kushangilia hipofosfatesia tulitazama mstari wa potasiamu na wa kalisi kwenye karatasi hizo hizo. Potasiamu ilikuwa juu, kalisi chini. Hapo jibu likawa limeshapatikana.

Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA pamoja na potasiamu. Ni nzuri kwa DNA, kwa sababu EDTA hunyakua madini ambayo vimeng'enya vya kukata DNA vinayahitaji. Lakini ALP nayo haifanyi kazi bila zinki na magnesiamu, na EDTA inazinyakua hizo pia. Damu kidogo tu ya zambarau ikiingia kwenye tyubu nyekundu au ya njano, ALP inaporomoka, kalisi inaporomoka, potasiamu inapanda. Na inaingia kwa njia tatu. Moja, mtoaji damu anaanza na zambarau kwa kuwa "ndiyo ya mradi", na ncha ya sindano inabeba EDTA hadi tyubu inayofuata. Mbili, anavuta kwa bomba, anajaza zambarau, kisha anagusisha ncha kwenye ukuta wa tyubu kabla ya kwenda nyingine. Tatu, na hii ndiyo mbaya kuliko zote: tyubu ya njano imepungua, anafungua zambarau na kumiminia humo ili ifike kwenye mstari.

Sheria mpya imebandikwa juu ya trei: nyekundu au njano kwanza, zambarau mwisho, na hakuna kumimina kutoka tyubu moja kwenda nyingine hata kwa tone. Tyubu ikipungua, ipimwe hivyo hivyo, au mgonjwa aombwe tena kwa heshima. Mililita 4 nyekundu au njano, mililita 4 zambarau. Zambarau ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10. Ukiitikisa, chembe zinapasuka. Ya kijani haitumiki kabisa kwa DNA, kwani heparini iliyomo huzuia PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Na kila ALP ya chini haikubaliwi mpaka potasiamu na kalisi za tyubu hiyo hiyo ziwe zimesomwa.

Kuna kasoro ya upande wa pili. Mfupa unapopona ALP hupanda, kwa hiyo damu ya wiki chache baada ya kuvunjika inaweza kumficha mwenye ALP ya chini. Tunatafuta karatasi za zamani za vipimo vya ini, za kabla ya ajali. Wagonjwa wengi wanazo kwenye mfuko wa plastiki nyumbani, na mjukuu akizipiga picha na kuzituma inatosha, kwa kuwa hapa tunasoma namba tu. Bisfosfoneti nazo huishusha ALP kiasi. Utapiamlo mkali, upungufu wa zinki na tezi ya shingo iliyolegea huishusha pia. Namba ya chini ni mlango wa kuingilia, haijawa hukumu.

Wiki ya 7: ridhaa

Hapa nchini neno DNA likitamkwa mbele ya familia, kinachosikika ni "kupima mtoto ni wa nani". Hilo si la kupuuza, maana mradi unaomba damu za ndugu. Fomu ya ridhaa sasa inasema kwenye aya ya kwanza, si ya tano, kwamba hatupimi uzazi, hatutatoa taarifa ya uzazi kwa yeyote, na kwamba mchango wa ndugu mmoja haufunguliwi mbele ya ndugu mwingine. Kwa vitendo, kila ndugu anasomewa na kutia saini peke yake. Bibi akitaka binti yake awepo, binti anakaa kwa ombi la bibi, si kwa ombi letu.

Upande wa sheria, DNA ya binadamu nchini inasimamiwa na sheria ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kibali cha maadili ni njia nyingine tofauti, na taarifa za wagonjwa ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayepanga mradi kama huu aombe vibali hivi sambamba, asisubiri kimoja kiishe ndipo aanze kingine. Sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji makubaliano ya uhamishaji yanayotaja idadi, ujazo na kitakachofanyika kwa kinachobaki.

Fomu inaeleza pia nini kitarudishwa kwa mgonjwa. ALP ya chini iliyothibitishwa inarudi kwa daktari wake, kwa kuwa inabadili matibabu. Badiliko la jeni ya GGPS1 (tutaieleza wiki ya 11) au jeni nyingine ambalo maana yake haijathibitika halirudi. Kumpa mtu karatasi yenye neno "badiliko" bila kuwa na la kumfanyia ni kumpa usiku wa kukosa usingizi.

Wiki ya 8 hadi 10: mezani

Kutoa DNA tunatumia safu za silika, kwa mikrolita 200 za damu. Mikrolita 20 za proteinezi K, kimeng'enya kinachovunja protini, zinatangulia chini ya kichupa, kisha damu, kisha mikrolita 200 za bafa (kimiminika) ya kupasulia chembe. Tikisa kwa mashine sekunde 15, weka nyuzi 56 kwa dakika 10. Ongeza mikrolita 200 za ethanoli safi, mimina kwenye safu, zungusha. Osha mara mbili. Toa kwa mikrolita 100 za bafa ya TE iliyopashwa moto, uiache dakika 5 juu ya safu kabla ya kuzungusha. Mavuno ya kawaida ni mikrogramu 4 hadi 12. Uwiano wa 260/280, unaopima usafi wa DNA kwa mwanga, uwe karibu na 1.8, na wa 260/230 usishuke chini ya 1.8.

Kundi la kwanza lilionekana zuri kwenye mashine ya kusoma, likakataa kwenye jeli ya kutenganishia vipande vya DNA. Unapoiweka sampuli kwenye kishimo haizami. Inapanda juu kama mafuta kwenye maji na kusambaa ndani ya bafa. Hiyo ni ethanoli iliyobaki kwenye safu. Dawa yake: baada ya kuosha mara ya pili, weka safu kwenye kichupa kipya kitupu, zungusha kwa kasi ya mwisho dakika 1 zaidi, kisha acha kifuniko wazi dakika 2. Tangu hapo sampuli zinazama.

PCR ni ya mikrolita 25: mikrolita 12.5 za mchanganyiko wa kimeng'enya uliokolezwa mara mbili, mikrolita 1 ya kila praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia kunakili) ya 10 µM, mikrolita 2 za DNA iliyopunguzwa hadi nanogramu 20 kwa mikrolita, na maji 8.5. Nyuzi 95 dakika 3. Mizunguko 35 ya 95, 60 na 72. Mwisho 72 dakika 5. Vipande tumevipanga viwe na herufi 400 hadi 500. Umeme ukikatika katikati ya mizunguko hatuendelezi pale ulipoishia. Mchanganyiko umekaa kwenye joto la chumba, praima zimeshika mahali pasipostahili, na utapata bendi (mistari ya DNA kwenye jeli) zisizo na maana utakazozihangaikia siku mbili. Tupa, anza upya. Mashine ya PCR sasa iko kwenye betri inayoibeba hadi mwisho, na friza ya nyuzi -20 ina kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu, kwa sababu friza iliyoyeyuka usiku na kuganda tena kabla ya asubuhi haiachi alama ya kuonekana kwa macho.

Sampuli za Ukerewe zinakuja kwa karatasi ya chujio, maana si kila siku boksi la baridi linafika na barafu baada ya safari ya kivuko. Matone manne, kila moja la mikrolita 50 hivi, yakaushwe kivulini angalau saa 4, karatasi ikiwa imelala bila kugusa meza. Unyevu wa ziwa ni adui hapa. Mfuko uwe na pakiti za silika na kadi ya unyevu; kadi ikigeuka kutoka bluu kuwa ya waridi, silika imeshiba na ibadilishwe. DNA ya karatasi inatosha kwa PCR ya jeni moja moja. Kwa kusoma jeni zote haitoshi, tutaomba damu nyingine. Za Sengerema na Geita zimekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lianze kupitika: tyubu inaondoka asubuhi na kuingia kwenye friji mchana huohuo.

Jambo dogo lililotugharimu: wino wa kawaida kwenye vichupa hufutika ukipitishwa na pamba ya spiriti. Penseli kwenye lebo ya karatasi, au lebo za friza. Basi.

Wiki ya 11: jeni zipi, na kwa nini si zote

GGPS1 iko juu ya orodha. Bisfosfoneti zenye naitrojeni, alendroneti na zoledroniki zikiwemo, hufunga kimeng'enya cha FDPS ndani ya seli zinazokula mfupa. Kimeng'enya cha GGPS1 kinafuata hatua moja chini kwenye njia hiyohiyo, na mazao yake ndiyo mkia wa mafuta unaoziwezesha protini ndogo za seli kushika kwenye utando. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania walisoma jeni za dada watatu waliovunjika mapaja kwa namna hii wakiwa kwenye bisfosfoneti. Walikuta badiliko la GGPS1 ambapo asidi amino ya 188, aspatati, imekuwa tairosini, na kimeng'enya kinadhoofika. Dawa inabana juu, urithi unabana chini.

Lakini dada hao walishirikiana mabadiliko adimu 37 katika jeni 34. Hesabu inaonyesha kwa nini. Badiliko alilonalo mzazi mmoja humfikia kila mtoto kwa nafasi ya nusu. Watoto watatu wote kulipata ni moja ya nane. Moja ya nane ya mabadiliko adimu yote ya mzazi bado ni mengi. Ndugu wa nne angeikata orodha nusu tena, na ndugu mzima aliyetumia dawa miaka 10 bila kuvunjika ana thamani karibu sawa na aliyevunjika. Ndiyo maana tunawaomba wakusanyaji waulize: "Una dada zako waliotumia kidonge hiki?"

ALPL tumeshaieleza. COL1A1 na COL1A2 ni za kolajeni; anayeuliza aangalie weupe wa macho ulioelekea bluu na historia ya kuvunjika utotoni. CTSK ni ya ugonjwa wa kurithi wa mifupa mizito inayovunjika. ATRAID iliongezwa baada ya kazi ya mwaka 2020 iliyoonyesha kuwa inahusika na jinsi seli zinavyoitikia dawa hizi.

Kutafuta kwenye jenomu nzima kwa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa hatutafanya kwa sasa. Wasweden walijaribu wakiwa na visa 51 na hawakupata jeni ya kawaida yenye nguvu kubwa. Chukua badiliko lililobebwa na mtu 1 kati ya 1,000, lenye kuongeza hatari mara 10: kwa wagonjwa 50 unatarajia kumpata nusu mtu, na nafasi ya kutompata hata mmoja ni karibu asilimia 61. Fedha hiyo inunue eksirei za mguu wa pili.

Kuchuja mabadiliko kuna mtego wake kwa watu wa huku. Programu ikilinganisha na hifadhidata iliyojaa Wazungu, kila kitu cha kwetu kinaonekana adimu. Utafiti wa mwaka 2020 wa jenomu 426 za Waafrika kutoka makundi 50 ulikuta mabadiliko mapya zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo badiliko halipewi jina la "adimu" mpaka lichunguzwe kwanza kwa Waluhya 99 wa Webuye, Kenya, waliomo kwenye mradi wa jenomu 1,000. Ni jirani zetu wa ziwa hilihili, ingawa Msukuma si Mluhya, na Mjaluo wa Rorya ana nasaba nyingine kabisa. Watu wa kulinganisha tunawachukua kutoka wilaya ileile ya mgonjwa, waliotumia dawa ileile kwa muda unaokaribiana, bila kuvunjika.

Wiki ya 12

Praima za ALPL kwa eksoni (vipande vya jeni vyenye maelekezo) 2 hadi 12 zimeshajaribiwa. Eksoni ya 5 inatoa bendi mbili kwa nyuzi 60 na inajaribiwa tena kwa 63. GGPS1 inasomeka safi pande zote mbili, na kwa kila sahani kuna kichupa cha maji matupu. Kichupa hicho kikionyesha bendi, sahani nzima inatupwa.

ALP zote za chini za duru ya majaribio zinachukuliwa upya kwa mpangilio mpya wa tyubu. Fomu ya ridhaa imepelekwa kutafsiriwa kwa Kisukuma na Kikerewe, itasomwa kwa sauti na kurudishwa kwa Kiswahili na mtu mwingine kabla ya kutumika. Picha za mguu wa pili ambazo hazikupigwa mwanzoni zinaitishwa wiki hii, kuanzia kwa wale wanaosema paja linauma wakitembea.